Makaa Kuja, Pamba Kurudi

4 Mei
Nancy amerudi chuoni Mwanza. Ameniachia daftari hili, kaunta buku ya kwaya mbili, akasema, "Mama, kama hutaki kuongea, andika." Nikamwambia sina la kuandika. Akasema niandike hata hilo. Haya, nimeandika.

5 Mei
Mvua asubuhi. Hakuna gari.

9 Mei
Leo ni wiki ya tisa tangu mume wangu Luhende afariki. Watu bado wanakuja kunipa pole hapa yadi. Wanakaa kwenye benchi, wanaangalia lundo la makaa, wanasema kazi ya Mungu haina makosa, wanakunywa soda, wanaondoka. Sina hasira nao. Sina chochote nao.

Mama mkwe, Mayu Milembe, analia kila asubuhi akichemsha michembe, vile viazi vikavu. Mimi namwangalia kama mtu anayeona mvua ikinyesha kijiji cha jirani. Nimekaa na Luhende miaka ishirini na sita na sijamlilia. Siku tunamzika kijijini Sapiwi, wanawake walikuwa wananichungulia machoni wakitafuta chozi. Nilisikia mmoja akisema huyu moyo wake mkavu. Sikumjibu kwa sababu sikuona uongo wake uko wapi.

14 Mei
Kama kuna siku Nancy atasoma hapa, ni vizuri ajue yadi hii ilikuwa inampa ada kwa njia gani. Baba yake hakuwahi kumweleza, alikuwa anamwambia tu asome.

Makaa ya mawe yanachimbwa kusini kabisa, upande wa Mbinga. Sisi tuko huku karibu na ziwa. Kiwanda cha hapa Bariadi kinachambua pamba na kukamua mafuta ya mbegu zake, na boila lake lilikuwa linakula kuni mpaka walipokatazwa kuni. Luhende ndiye aliyemfuata meneja, Bwana Hamimu, akamwambia, nitakuletea makaa. Hamimu alicheka. Alikuwa na haki ya kucheka. Makaa yakiwa mgodini bei yake haitishi mtu, lakini yakifika hapa nauli imeshakuwa kubwa kuliko makaa yenyewe. Luhende alikuwa anasema, "Mama Nancy, sisi hatuuzi makaa, tunauza barabara."

Ujanja wake ulikuwa mmoja tu. Semi ikishusha makaa kwetu haiondoki tupu. Inavuka barabara mpaka kiwandani, inapakia marobota ya pamba, inashuka nayo bandarini Dar es Salaam, na kule inapata mzigo wa dukani wa kwenda Songea. Kwa hiyo tajiri mwenye magari anatutoza safari ya kuja peke yake. Ya kurudi inalipwa na pamba. Siku pamba ikikataa kupanda magari yetu, makaa yatalipa kwenda na kurudi, na hapo pumba za mpunga kutoka Maswa zinatushinda asubuhi na mapema. Moto wa pumba ni wa haraka, na majivu yake ni balaa, lakini ziko jirani. Lori linakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Mkataba wetu na kiwanda unaisha mwisho wa Agosti. Hamimu amesema baada ya hapo atachagua, makaa au pumba. Sina mteja mwingine wa kukimbilia.

15 Mei
Jana nimeandika sana. Leo hapana.

21 Mei
Vituo vya kununua pamba vimefunguliwa. Barabara ya Kasoli imejaa matrekta na mikokoteni ya ng'ombe, pamba imemwagika pembeni kama povu. Luhende alikuwa akifurahi siku hii kuliko Krismasi. Pamba nyingi, magari ya kurudi mengi. Nimesimama getini nikaangalia mpaka miguu ikachoka.

28 Mei
Joakim amefika na semi ya kwanza ya msimu. Ni dereva wa tajiri wa Songea, mtu wa Mbinga, ana miaka kama arobaini na tano, ametuletea makaa tangu gari la kwanza kabisa. Luhende alikuwa anamwita mdogo wangu, kwa hiyo mimi ni shemeji.

Alishuka, hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Luhende pale chini ya turubai la geti, akakishika, akalia kwa sauti, dereva mzima na funguo mkononi. Mzee Mashimba, mlinzi wetu ambaye ndiye kuli na ndiye kila kitu, akavua kofia. Mimi nilisimama na sahani ya wali. Nilimwonea wivu Joakim. Nilifikiri, ona huyu, yeye ameweza.

Baadaye akala, akasema, "Shemeji, usiogope. Mimi nipo. Makaa yatakuja kama alipokuwepo kaka."

Kesho wataosha gari. Luhende alikuwa na sheria moja isiyobishaniwa. Semi iliyobeba makaa haipakii pamba mpaka iwe imeoshwa kwa boza zima la maji, na turubai lililofunika makaa lifuliwe kwa sabuni ya unga na lianikwe kutwa nzima. Turubai hilohilo ndilo linalofunika marobota. Gari linalala siku moja zaidi kwa ajili hiyo, na tajiri huwa ananung'unika. Luhende alikuwa anamwambia, pamba ni nguo ya mtu, huwezi kumvalisha mtu masizi.

29 Mei
Wameosha. Joakim ameondoka.

6 Juni
Semi mbili. Zimeoshwa zote. Hamimu amepita, ameshika jiwe la makaa, amesema mazuri. Nikasema asante.

12 Juni
Maji yameanza kuwa ya shida. Boza linazunguka mji mzima na huku pembezoni tunafikiwa mwisho. Mayu Milembe anasema niende kanisani. Nilikwenda Jumapili. Nilikaa, nikasimama watu waliposimama.

18 Juni
Joakim amefika saa nne. Maji hakuna, wenye boza wamesema kesho kutwa. Tajiri amepiga simu mara tatu, gari likilala siku ya pili atatutoza. Tumefagia. Gari limepakia na kuondoka jioni. Nimekula ugali na nsansa, majani makavu ya kunde, sikusikia ladha.

22 Juni
Upepo. Vumbi la makaa mpaka kwenye chai.

24 Juni
Hakuna kitu.

27 Juni
Hamimu amenipigia simu saa tatu asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na huyu ni mtu wa kuongea na watu watatu kwa wakati mmoja. Alisema marobota ya gari la Joakim yamekataliwa bandarini. Gari lilipigwa na mvua Chalinze, maji yakapita kwenye turubai yakiwa meusi, yakaingia kwenye pamba. Marobota ya juu yote yana michirizi kama nyumba iliyoungua. Mnunuzi amepiga picha akazituma mpaka nje, na sasa anataka kukagua kila robota la kiwanda chetu, hata yale yaliyokwenda na magari mengine.

"Mama Nancy," akasema, "hili turubai lilifuliwa?"

Nikasema ngoja nimuulize dereva.

Nilikata simu nikaendelea kuchagua dengu. Nilizimaliza zote.

30 Juni
Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa sababu sina wa kumwambia.

Siku ile ya tarehe 18 Joakim alikwenda kuoga nyumba ya wageni. Siku nne yuko barabarani, alikuwa ananuka dizeli. Aliniambia, "Shemeji, naomba turubai lifuliwe wakati naoga, hata kwa ndoo mbili tatu." Nilikuwa na ndoo sita za maji jikoni. Sita. Niliziona. Nikafikiria kuzibeba, nikafikiria sabuni, kusugua, kungoja jua, na mwili wangu ukasema haina maana. Ndivyo ulivyosema. Hakuna chenye maana, kwa nini turubai liwe na maana?

Nikamwita Mzee Mashimba. Tulilikung'uta. Yeye alishika upande mmoja, mimi upande mwingine. Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, hili bado jeusi upande wa ndani." Nikamwambia tukunje, Joakim ataenda nalo. Mzee aliniangalia, akakunja. Mtu wa makamo yake hawezi kubishana na mjane wa bosi wake mbele ya lundo la makaa.

Joakim aliporudi, ameoga, amevaa shati safi, aliuliza, "Shemeji, limefuliwa?"

Nikasema, "Limefuliwa."

Sikuwa na hofu nilipolisema. Sikujisikia mwongo. Nilisema kama mtu anavyotaja saa.

3 Julai
Kikao ofisini kwa Hamimu. Joakim amekuja kwa basi kutoka Dar, gari amenyang'anywa. Tulikuwa watatu tu, na feni.

Hamimu alisema, "Joakim, kazi hii tumefanya miaka mingapi? Haijawahi kutokea. Nataka nijue nani aliruhusu turubai chafu lifunike pamba ya watu."

Joakim hakuniangalia hata kidogo. Alisema, "Turubai ni la gari langu, bosi. Kosa ni langu."

"Hukulifua?"

"Kosa ni langu."

"Yadi walikuambiaje?"

"Bosi, yadi kuna msiba. Mimi ndiye dereva. Niandike mimi."

Hamimu akanigeukia. "Mama Nancy, una la kuongeza?"

Nilikuwa nalo. Nikisema, yadi imekufa siku hiyohiyo. Nisiposema, Joakim anakwenda na lawama yote. Nilivipima hivyo viwili na vyote vilikuwa vyepesi sawa, kama maganda ya karanga. Nikasema, "Sina."

Hamimu akaandika. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia pole, na msiba, na haya tena.

4 Julai
Joakim alipita kuniaga kabla ya basi. Nilimpa nauli akakataa. Akasema, "Shemeji, kula. Umekonda."

10 Julai
Barua ya kiwanda imefika. Kuanzia leo magari ya makaa hayapakii pamba. Marobota yatakwenda kwa malori ya nafaka.

16 Julai
Semi imeshusha makaa ikaondoka tupu. Sijawahi kuona semi tupu ikiondoka hapa wakati wa pamba. Inagonga kila shimo, unaisikia mpaka barabara ya Maswa.

17 Julai
Tajiri amepiga. Nauli mpya. Ni karibu mara mbili. Hakufoka, alisema kwa upole, "Mama, gari halinywi maji. Likirudi tupu nani atalipa mafuta?" Nilimuuliza Joakim yuko wapi. Akasema amemsimamisha na amepeleka jina lake kwa matajiri wenzake, asije akaharibu mzigo wa mwingine.

Nilimwambia sawa. Tajiri akauliza, sawa nini? Nikakata.

23 Julai
Malori mawili ya pumba yameingia kiwandani. Hamimu anajaribisha. Moshi wake mweupe.

29 Julai
Nimempelekea Hamimu bei mpya ya makaa. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Makaa yako ni bora, hilo sibishi. Gunia la makaa linafanya kazi ya magunia mengi ya pumba. Lakini boila halijui umbali, mimi ndiye ninayeujua. Kwa nauli hii, kila chupa ya mafuta yangu itauzwa juu kuliko ya Shinyanga. Nani atainunua?" Alisema kwamba kama Luhende angekuwepo wa kuongea na kiwanda, wangeweza kurudisha imani taratibu, gari moja moja. Alitamka jina lake kwa heshima. Nilihisi kitu kidogo hapo, kama mtu anayeguswa juu ya koti.

2 Agosti
Nancy amepiga. Anauliza kama naandika. Nimesema naandika. Anauliza kuhusu nini. Nimesema hali ya hewa.

7 Agosti
Leo Mzee Mashimba aliniamkia kama kawaida, "Mwangaluka mayu," nikaitikia. Kisha hakwenda kwenye beleshi. Alibaki amesimama, kofia mkononi. Akasema anaomba ruhusa arudi kwao Sola, kuna shamba.

Nikamuuliza, "Mzee, ni mshahara?"

"Siyo mshahara."

"Ni nini?"

Mzee huyu anaongea Kiswahili kama anavuka mto, anatafuta jiwe la kukanyaga. Akasema, "Nilikunja lile turubai. Kila siku nafungua geti, naliona. Nilingoja wewe useme, maana wewe ndiye mkubwa hapa. Nimengoja mwezi, nimengoja mwezi mwingine. Sasa naona nitazeeka nikingoja. Yule Joakim ana watoto wanne."

Nilimwambia, "Ungeweza kusema wewe."

"Ningeweza," akasema. "Ndiyo maana naenda."

Miaka yote nilimchukulia Mzee Mashimba kuwa mtu wa kufungua na kufunga. Sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya ule ukimya kuna mtu anahesabu siku zangu.

8 Agosti
Nimemwomba angoje wiki mbili. Amekubali.

13 Agosti
Mayu Milembe amesikia habari ya turubai, sijui kwa nani. Alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. Alisema, "Mwanangu alikuwa na makosa mengi, ila hakuwahi kula kwa mgongo wa mtu." Kisha akanipa michembe nile. Nilikula na ilikuwa tamu, na nikaona vibaya kuona utamu.

19 Agosti
Nilifika getini kwa Hamimu nikarudi.

20 Agosti
Nilikwenda na Mzee Mashimba. Nilimwambia akae nje, kwamba hili ni langu. Akakaa ndani.

Nilisema yote. Ndoo sita. Kukung'uta. "Limefuliwa." Nilisema pia kwamba kwenye kikao nilinyamaza nikijua. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, ikanishangaza, nikawa naisikiliza huku nasema.

Hamimu alizima feni, sijui kwa nini. Akauliza, "Mama Nancy, kwa nini hukusema Juni? Juni ningekukasirikia wiki moja. Tungefua maturubai yote, ningemwita mnunuzi aje aone kwa macho yake, tungeendelea."

"Sikuwa nasikia chochote," nikamwambia. "Hata aibu sikuisikia."

Akasema mkataba hawezi kuurudisha, pumba ameshazisaini jana, na hata angeweza asingefanya, kwa sababu sasa siyo nauli tu. Hilo alilisema akiangalia meza. Lakini Joakim atamwandikia barua ya kumsafisha, yenye mhuri, nakala kwa tajiri na kwa kila mwenye gari anayemjua. Aliiandika nikiwa nimekaa palepale. Aliniuliza jina langu kamili. Nikasema Klementina. Akaliandika.

Nje Mzee Mashimba alinishikia mwavuli wa jua. Hakusema nimefanya vizuri. Sikutaka aseme.

24 Agosti
Tajiri amethibitisha kwa simu. Joakim anarudi kazini mwezi ujao. Yadi inafungwa. Lundo lililobaki nitawauzia wachoma matofali kwa bei wanayotaka.

Mzee Mashimba ameahirisha kwenda Sola mpaka lundo liishe.

28 Agosti
Joakim amepiga leo saa sita mchana.

Niandike ukweli, nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Nilishapanga kumwambia usinishukuru.

Akasema, "Nimesomewa barua. Ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

"Ulijua halijafuliwa. Wakati unaniambia limefuliwa, ulijua."

"Nilijua."

Nilisikia watoto nyuma yake, na kuku. Akasema, "Mimi nilifikiri umedanganywa. Nilifikiri Mzee Mashimba amekuambia limefuliwa na wewe ukaamini, ukanijibu kwa imani. Nikasema, mama wa watu ana msiba, hajui lolote, nikimtaja watamburuza bure. Kwa hilo nimekaa nyumbani miezi miwili. Nimeuza ng'ombe wa mke wangu. Watu wa mtaani wananiita Masizi. Nilikuwa nasema moyoni, si kitu, ni kwa ajili ya kaka, na mke wake hana kosa."

Nilihamishia simu sikio la pili.

Akasema, "Ungeniambia siku ileile, shemeji. Hata barabarani, kwa simu. Ningeegesha, ningefua mwenyewe."

Kisha sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Haya, mama. Barua nimepata. Siku njema."

Miaka yote hajawahi kuniita mama. Mama anaitwa mteja yeyote wa yadi yoyote.

Nilikaa chini kwenye vumbi la makaa na nikalia. Nililia kwa sauti mpaka Mayu Milembe akatoka jikoni, akaniona, akarudi ndani akafunga mlango ili niendelee. Ilikuwa ni Joakim niliyekuwa namlilia, na ng'ombe yule, na watoto wanne. Luhende alikuja baadaye, jioni, nikamlilia na yeye.

29 Agosti
Nimeamka na aibu bado ipo. Nimekunywa uji. Wachoma matofali wamefika saa mbili na toroli zao, nikawapimia.